Aliyerudi Mwembamba

Mzee Anatolio Pabón alikuwa amekwisha kumlilia mwanawe, na mwanawe amekaa mbele yake anakunywa supu.

Hilo ndilo lililomkuta Eliécer aliporudi nyumbani San Isidro kutoka Bucaramanga, alikokwenda kupasuliwa tumbo lipunguzwe. Alikuwa ameondoka mnene kupita kiasi, mtu wa kupita mlangoni kiubavuubavu, ambaye mji mzima, hata mkewe, ulimwita Bonge, naye akaitika bila kinyongo. Daktari wa moyo alimwambia waziwazi kwamba akiendelea hivyo hatazeeka. Akakubali kisu. Wakamkata sehemu kubwa ya tumbo, wakamshona, na mshono wa ndani ukaingia usaha. Ikabidi abaki huko kwa shemeji yake kwa miezi mingi, akilishwa kwa mrija, akipungua wiki hadi wiki. Kila jioni mkewe, Nohora, alipiga simu nyumbani kumtuliza mzee. "Anaendelea vizuri, baba," alisema. "Usiwe na wasiwasi."

Maneno hayo ndiyo yaliyoharibu kila kitu, kwa sababu mzee alikuwa ameyasikia kabla.

Kule kwao, mzee akifiwa na mtu wa karibu, familia hujiuliza kwanza kama aambiwe. Huonekana ni huruma. Teodolinda, dada pekee wa mzee Anatolio, alipofariki huko Cúcuta, Eliécer mwenyewe ndiye aliyesema mzee asiambiwe, habari hiyo itamuua. Basi wakasema Teodolinda anaendelea vizuri. Mzee alipotaka kuzungumza naye, Yurley, binti wa Eliécer na Nohora, alijifungia chumba cha pili na simu, akaikwaruza sauti, akawa Teodolinda. Walimfundisha habari za utotoni: mbuzi mweupe aliyetumbukia kisimani, viatu walivyovaa kwa zamu kwenda kanisani. Mzee alicheka kwenye simu mpaka machozi yakamtoka. Mwaka mzima alizungumza na marehemu. Halafu jirani mmoja aliyekuwa safarini akaja kumpa pole, na pole ile ikawa kofi.

Mzee hakugomba. Alisema tu, "Sasa najua nyumba hii inavyozika watu wake."

Basi Eliécer alipoingia sebuleni akiwa nusu ya mtu aliyeondoka, na kusema, "Baba, nimerudi," mzee aligeuza uso kuelekea sauti. Alikuwa haoni tangu miaka ile presha ya macho ilipompofusha. Sauti aliyoisikia ilikuwa nyembamba, haina tena ule mvumo wa kutoka chini ya kifua. Akanyoosha mikono, akamshika mabega, akashuka kwenye mikono, akagusa mbavu. Kila alipofika alikuta mfupa. Akaiondoa mikono yake taratibu, akaipangusa kwenye suruali.

"Karibu, kijana," alisema. "Wamekutoa wapi?"

"Baba, ni mimi. Eliécer."

"Sawa. Kaa."

Eliécer alikaa. Alifikiri ni jambo la siku mbili tatu, mzee atazoea. Akamweleza habari za hospitali, mzee akaitikia kwa adabu ya kumsikiliza mgeni. Akamkumbusha siku walipolala porini mvua ikinyesha, lori la kahawa likiwa limezama kwenye tope, wawili peke yao. Mzee akatabasamu kwa uchungu.

"Umefundishwa vizuri kuliko Yurley," alisema. "Yeye alikuwa anachanganya."

Na usiku nyumba ilikuwa kimya. Eliécer wa zamani alikuwa akikoroma hadi vikombe vinatetemeka kabatini, na mzee, aliyelala chumba cha jirani, alikuwa akilalamika miaka yote kwamba hapati usingizi. Sasa mkoromo haukuwepo. Asubuhi mzee alimwambia Nohora, "Nimesikiliza usiku kucha. Hakuna mtu mle ndani."

Mezani ndiko kulikokuwa kugumu zaidi. Eliécer hakuweza kula zaidi ya vijiko vichache, akizidisha jasho linamtoka na moyo unamwenda mbio. Mzee aliyasikia hayo yote: kijiko kinachogusa bakuli mara chache, kisha kinalazwa. Mwanawe alikuwa mtu wa kula arepa, vile vikate vya mahindi, moja juu ya nyingine na kuuliza kama kuna nyingine. Naye mzee akaacha kula. Alikataa supu, akakataa mayai, akabaki na maji ya sukari guru asubuhi na jioni, akasema hatakula chakula cha nyumba ambayo haijamfanyia mwanawe hata misa moja. Padri alikuja, akamweleza kwa upole kwamba Kanisa halimfanyii misa ya wafu mtu anayepumua. Mzee akamuuliza na yeye amelipwa nini.

"Atakufa huyu," Nohora alisema jikoni, akipangusa sahani ambayo haikuliwa. "Atakufa kwa njaa huku wewe unakohoa chumba cha pili. Bonge, fanya kitu."

Bado alimwita Bonge. Jina lilikuwa linaning'inia kama yale mashati yake ya zamani, lakini Eliécer alishukuru kuwa kuna mtu mmoja nyumbani aliyeendelea kulitumia.

Kitu alichokifikiria Eliécer kilikuwa pikipiki. Maneno mtu anaweza kufundishwa, aliwaza, lakini mwili haufundishwi kwa simu. Ni mzee Anatolio aliyempandisha pikipiki kwa mara ya kwanza, akakaa nyuma yake, akamshika kiuno kilichokuwa bado kinashikika, akamfundisha barabara ya mlimani kona baada ya kona. Mzee akikaa nyuma yake tena atamjua. Hana budi kumjua. Eliécer aliliamini jambo hilo kwa moyo wote, na alihitaji kuliamini.

Daktari alipompa ruhusa, akaondoa turubai lililoifunika. Pikipiki ilikuwa ileile, nyeusi, tangi limebonyea upande. Alipanda mbele ya duka lake la chakula cha kuku, majirani wakitazama. Zamani alipokaa, pikipiki ilididimia chini yake, ikatulia. Safari hii haikushuka hata kidogo. Vidole vya miguu ndivyo tu vilivyogusa ardhi. Alipiga kiki, akaachia klachi kama alivyozoea, pikipiki ikaruka mbele, akatafuta ardhi kwa mguu wa kushoto asiipate. Akaanguka palepale, kama gunia.

"Bonge, pikipiki imekusahau," mtu mmoja alisema, na wachache wakacheka. Si kicheko kibaya. Eliécer naye alicheka, kisha akaingia stoo, akaketi juu ya magunia, akalia. Alilia kwa sababu lile lilikuwa neno la kweli. Kila kitu kilimsahau: viatu, kiti, pete ya ndoa iliyomdondoka kwenye sinki. Na baba.

Fundi Gildardo aliitazama springi ya nyuma, akatikisa kichwa.

"Hii niliikaza kwa ajili ya mtu mwingine," alisema. "Niilegeze?"

"Usiiguse."

"Itakurusha shimoni, kaka. Nakwambia."

"Baba anaijua hivi hivi. Akipanda lazima aikute vilevile."

Eliécer alijaribu wiki nzima na springi ngumu, akirushwa kila penye tuta, mgongo ukimuuma, mshono ukimvuta. Kisha asubuhi moja gurudumu la nyuma liliruka kwenye kokoto, akajikuta anaelekea ukingoni, chini kabisa kunaonekana mto. Alisimama kwa bahati. Alirudi akiisukuma pikipiki kwa miguu, akamwambia Gildardo ailegeze.

Baada ya hapo ikamkubali. Lakini ilibidi ajifunze upya kama mtoto. Zamani hakuwa akikata kona, alikuwa akiuachia uzito ulale upande mmoja na kona ikaja yenyewe. Sasa hakuwa na cha kulaza. Ilimlazimu asukume usukani kwa mikono, abane tangi kwa magoti, afikirie mambo aliyokuwa akiyafanya akiwa anapiga mluzi. Akawa dereva mzuri tena, mwepesi, pengine mzuri kuliko zamani. Hakujiuliza kama alikuwa dereva yuleyule.

Ilipokaribia sikukuu ya Bikira wa Karmeli, mama wa madereva, mzee mwenyewe akamwita. Alikuwa amekonda, shingo imebaki mishipa. Sasa walikuwa wembamba wawili ndani ya nyumba moja.

"Kijana, nasikia unaendesha ile pikipiki."

"Naendesha, baba."

"Nipeleke kwa Bikira siku yake. Padri amenikatalia misa, lakini kule juu hakuna anayemzuia mtu kutaja jina."

Eliécer alielewa. Kila mwaka tarehe kumi na sita Julai, pikipiki zote za San Isidro, malori na mabasi, hupanda hadi kwenye kikanisa cha kona ya juu, yamefungwa maputo na maua, kupigiwa maji ya baraka. Kabla ya baraka, wenye wafu hutaja majina yao kwa sauti, kila mmoja kutoka kwenye chombo alichokuja nacho. Jina likitajwa, honi ya chombo hicho hulia kwanza, kisha nyingine zote hufuata. Honi ya kwanza isipolia, nyingine hunyamaza, na jina halijapokelewa.

"Nitakupeleka," alisema.

Nohora alipopata habari aliweka chini kisu alichokuwa akimenyea mihogo. "Umpandishe kipofu asiyekula, mlimani, ili akakutangaze umekufa mbele ya watu wote? Na mbele ya Bikira? Kumwombea mtu hai apumzike ni kukiita kifo, Bonge. Kifo kilikuwa na wewe kule hospitali, nilikiona kimekaa kitandani kwako. Usikiite tena."

"Hatalitaja jina. Atanijua kabla hatujafika."

"Na asipokujua?"

Eliécer alitoka kwenda kujaza tangi mafuta.

Siku yenyewe ilikuwa na ukungu mwepesi. Nohora alimvika mzee blanketi la mabegani, akamfunga kofia ngumu kidevuni kama anayemfunga mtoto, akageuka ili asiwaone wakiondoka. Eliécer alimpandisha baba yake nyuma. Mikono ya mzee ikamzunguka kiuno, ikakutana mbele, vidole vikapishana. Miaka mingi mikono hiyo isingefika hata mbavuni. Eliécer alitamani wabaki hivyo hapo uani, wasiende popote.

Wakaanza kupanda. Mbele na nyuma yao pikipiki zilikuwa zikipiga kelele, maputo yanapasuka, watu wanaitana. Eliécer aliendesha kwa uangalifu wote alionao. Alitaka kila kona iseme badala yake. Kwenye kona ya kinu cha miwa alibadili gia kwa kuisikiliza injini, kama alivyofundishwa. Kwenye daraja la mbao alisimama kidogo, akapita katikati ya mbao, kama alivyofundishwa.

"Unaendesha vizuri," mzee alisema sikioni mwake.

Moyo ukamruka. "Unanijua sasa, baba?"

"Mwanangu hakuwa akikata kona namna hii. Alikuwa anaingia taratibu, kisha anajimwaga, unasikia barabara yote imemkubali. Wewe unaikata kama kijana wa mjini. Si kwamba ni vibaya. Ni tofauti."

Ilikuwa kweli. Mzee hakukosea hata nukta. Mtu aliyekuwa akiingia kona kwa kujimwaga hakuwepo tena barabarani, wala mezani, wala usiku chumbani. Eliécer mwenyewe hakuwa amemwona tangu aliposukumwa kwenye kile kitanda cha magurudumu huku taa za darini zikimpita usoni. Hakuna aliyemuaga mtu huyo. Kila mtu alikuwa amempongeza kwa kumwondoa.

"Alikuwa anajua kucheka," mzee aliendelea, kama anayezungumza na mwenye teksi. "Ukiwa umepanda nyuma yake akacheka, pikipiki nzima inacheka. Nilikuwa namwambia apunguze kula. Nilimwambia mno. Mtu akisemwa sana anakwenda kujikatisha tumbo."

"Hakwenda kwa sababu yako."

"Wewe utajuaje."

Wakafika. Uwanja wa kikanisa ulikuwa umejaa, na Bikira amesimamishwa mlangoni na joho lake la kahawia, maua miguuni. Padri akanyanyua mkono, injini zikazimwa moja moja hadi mlima ukawa kimya. Majina yakaanza. Mwanamke mmoja alimtaja mumewe wa lori la mchanga, honi ya lori ikalia, na nyingine zote zikaitikia, mlio mrefu unaotetemesha kifua. Kijana wa basi alimtaja kaka yake. Honi. Mwingine. Honi.

Mzee Anatolio akajiinua kitini, mkono mmoja begani kwa Eliécer.

"Baba, tafadhali," Eliécer alinong'ona. "Niko hapa."

"Eliécer Pabón," mzee aliita, kwa sauti ambayo hakuna aliyedhani bado anayo. "Mwanangu. Alifia Bucaramanga, na hakuna aliyeniambia."

Hakuna honi iliyolia. Watu waligeuka. Walimwona Eliécer amekaa palepale juu ya pikipiki yake, hai, mikono kwenye usukani, na wote walimjua. Gildardo aliangalia chini. Mtu mmoja alifanya ishara ya msalaba haraka haraka. Kimya kilizidi kurefuka. Mzee alikuwa akingoja. Alikuwa amekaa na njaa wiki zote zile akingoja sauti hiyo moja, na sasa hata mlima ulikuwa ukimnyima, kama walivyomnyima wengine wote.

Eliécer alifikiria maneno ya Nohora. Aliogopa, hasa, kwa woga wa mtu ambaye amekwishakigusa kifo na kukijua ubaridi wake. Kisha akafikiria mtu yule mnene aliyekuwa akicheka, ambaye hakuna aliyemlilia ila kipofu mmoja. Akabonyeza honi.

Akaishikilia. Ililia peke yake kwa muda, nyembamba. Halafu pikipiki ya Gildardo ikafuata, na lori la mchanga, na basi, na zote, uwanja mzima, hadi ndege wakatoka kwenye mti wa kikanisa. Padri aliinamisha kichwa, akasema, "Apumzike kwa amani," na umati ukaitikia. Eliécer naye akaitikia, midomo yake ikilitamka neno lile waziwazi, na machozi yakimshuka ndani ya kofia ngumu mahali asipoweza kuyapangusa. Nyuma yake mzee alikuwa akilia kwa sauti, kilio kilichokuwa kimekaa muda mrefu, akiwa ameulaza uso wake juu ya mgongo wa mwanawe.

Maji ya baraka yaliwapiga wote wawili. Pikipiki zikaanza kushuka.

Mzee alijifuta kwa ncha ya blanketi. "Tushuke, kijana. Kuna mtu anauza tamale za mahindi pale darajani, au naye alikufa?"

"Yupo."

"Basi tusimame. Nina njaa."

Eliécer alipiga kiki. Mikono ya mzee ikamzunguka tena, na safari hii ilikaza zaidi, kwa kuwa barabara ilikuwa inateremka.

"Nani alikufundisha kuendesha?" mzee aliuliza.

"Baba yangu."

"Yuko hai?"

"Yuko hai."

Walipita kona ya kwanza, na ya pili, taratibu.

"Basi ukitoka kunirudisha, nenda ukakae naye," alisema. "Usimwambie uko vizuri. Kaa tu karibu, akuguse."

"Nitakaa naye," Eliécer alisema, akashika breki kidogo kwa ajili ya tuta, wakateremka kuelekea darajani.